Kuniya, Lakabu na Kinaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mizizi ya Kiarabu ya Majina na Maficho

Maswali haya huletwa na watu wa aina mbili. Wapo wanafunzi na walimu wa Kiswahili wanaokutana na istilahi kama lakabu, kinaya, majazi na dhamira wakataka kujua zilikotoka. Wapo pia wasomaji wa vitabu vya dini wanaojiuliza kwa nini Masahaba wengi wanatajwa kama "Baba wa Fulani" na "Mama wa Fulani" badala ya majina waliyopewa na wazazi wao. Majibu ya makundi yote mawili yanakutana mahali pamoja: katika Kiarabu, kumpa mtu jina la pili na kufunika kitu ni mambo yaliyo karibu sana.

Jina la pili na kuficha vinahusiana vipi?

Uhusiano uko ndani ya mzizi wenyewe. Neno *kunya*, yaani jina linaloanza na Abu (baba wa) au Umm (mama wa), linatokana na mzizi k-n-y (mzizi ni zile herufi, kwa kawaida tatu, zinazobeba maana ya msingi ya neno la Kiarabu). Kitenzi chake, *kanaa*, maana yake ni kutaja jambo kwa neno lisilo lake: unasema hili unakusudia lile. Ibn Faris, mtunga kamusi aliyefariki mwaka 395 Hijria (1004), alikuwa na desturi ya kutafuta maana moja ya msingi kwa kila mzizi. Mzizi huu aliueleza kuwa ni kulisitiri jina kwa kutumia jingine mahali pake.

Kwa hiyo anayeitwa Abu Bakr hakuongezewa jina kama pambo. Jina lake, Abdallah, limefunikwa shela. Wanaomjua wanajua nani yuko chini yake, lakini halitamkwi ovyo.

Je, k-n-y na k-n-n ni mzizi mmoja?

Hapana, ila ni majirani wa karibu. Mzizi k-n-n una nun (herufi ya n) mbili na maana yake ni kufunika kitu ili kisidhurike. Kutoka humo yanakuja *kinn*, maficho au pango la kujikinga. *Kinana*, podo la mishale. Na *maknuun*, kilichohifadhiwa kisiguswe. Qurani inautumia mara kadhaa. Sura ya 16, aya ya 81, inataja maficho (*aknaan*) aliyoyajaalia Mungu milimani. Sura ya 56, aya ya 78, inataja Kitabu *maknuun*, kilichohifadhiwa. Sura ya 2, aya ya 235, inazungumzia yale mnayoyaficha nafsini mwenu, na kitenzi ni cha mzizi huohuo.

Zitazame herufi: kaf na nun zipo pande zote mbili, tofauti ni herufi ya tatu tu. Wanasarufi wa kale waliona mara nyingi kwamba mizizi inayoshirikiana herufi mbili hukaribiana maana pia. Mimi naona ukaribu huu una nguvu, lakini kamusi inaiorodhesha kama milango miwili, na mwanafunzi anapaswa kuiheshimu hivyo.

Neno "kanuni" nalo limo humo?

Halimo. Kanuni linaanza na qaf, si kaf, na Kiarabu kililipokea kutoka Kigiriki. Kiswahili kimezichanganya qaf na kaf kuwa k moja, ndiyo maana sikio linadanganyika.

Kwa nini baadhi ya waandishi huandika "kuniya" au "kun-ya"?

Kwa sababu ya adabu. Likiandikwa kama linavyotamkwa katika Kiarabu, neno hilo linalingana herufi kwa herufi na kitenzi cha Kiswahili ambacho hakitajwi mbele za watu. Waandishi wa vitabu vya dini wakaliongezea i, wengine wakatia kistari. Nami naandika *kuniya*. Tazama jambo lenyewe: neno la kusitiri jina limehitaji lenyewe kusitiriwa lilipovuka bahari.

Tofauti ya ismu, kuniya na lakabu ni ipi?

Ismu ni jina alilopewa mtoto alipozaliwa: Abdallah, Amr, Thabit. Kuniya ni lile la Abu au Umm. Lakabu, kutoka mzizi l-q-b, ni jina linalobeba sifa au aibu: as-Siddiq (msadikishaji), ar-Rashid (mwongofu), al-Jahiz (mwenye macho yaliyotokeza), al-A'raj (kiguru). Ibn Malik, mwanasarufi aliyefariki mwaka 672 Hijria (1274), aliyataja yote matatu katika utenzi wake wa sarufi, akaweka kanuni kwamba lakabu ikifuatana na jina basi lakabu hukaa nyuma. Ndiyo maana tunasema Harun ar-Rashid, si kinyume chake.

Lakabu yaweza kuwa sentensi nzima. Mshairi wa zama za kabla ya Uislamu, Thabit bin Jabir, alijulikana kama Ta'abbata Sharran: "amekwapaa shari". Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alitoka nyumbani na upanga kwapani, mama yake akaulizwa yuko wapi, akajibu kwa maneno hayo. Shari ni hilihili letu la "kutafuta shari".

Kuniya ni heshima au ni maficho?

Ni heshima kwa sababu ni maficho. Hapa ndipo wengi hukwama, wakidhani mtu hufichwa kwa sababu ya jambo baya tu.

Kwa Waarabu wa kale, kulitamka jina tupu la mtu mzima mbele ya uso wake ni kama kumshika begani bila kupiga hodi. Kuniya huweka nafasi kati yenu. Mshairi mmoja wa kale alijisifu kwamba yeye humwita mwenzake kwa kuniya ili amkirimu, wala hambandiki lakabu. Musa na Haruni walipoamrishwa wamwendee Firauni wakamwambie maneno laini (sura ya 20, aya ya 44), baadhi ya wafasiri walieleza kwamba ulaini huo ni kumwita kwa kuniya. Firauni, adui! Hata yeye alistahili jina lake lifunikwe wakati wa kuzungumza naye.

Heshima hii haikungoja mtu azae. Bibi Aisha hakupata mtoto, lakini aliitwa Umm Abdillah, kwa jina la mtoto wa dada yake, Abdallah bin Zubair. Mtoto mdogo aliyefiwa na kindege chake aliitwa na Mtume (S.A.W.) Abu Umair, mtoto akapewa jina la utu uzima ili aliwazwe. Neno Abu pia lina maana ya "mwenye". Abu Huraira si baba wa kipaka, bali ni mtu aliyekuwa na kipaka chake hakiachi. Kuniya hiyo ilimfunika kabisa: wanazuoni walikhitilafiana sana kuhusu jina lake halisi, ingawa Abdur-Rahman bin Sakhr ndilo lililoshika zaidi. Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, na jina lake la kuzaliwa likabaki kuwa jambo la mjadala.

Kuniya ya Mtume mwenyewe, Abul-Qasim, iliwekewa mpaka. Imepokewa kwamba alisema watu wajiite kwa jina lake lakini wasijiite kwa kuniya yake. Wanazuoni walitofautiana kama katazo hilo lilikuwa la uhai wake tu au la zama zote.

Upande wa pili upo pia. Amr bin Hisham, aliyekuwa akiitwa Abul-Hakam, baba wa hekima, Waislamu walimgeuzia akawa Abu Jahl, baba wa ujinga. Umbo la heshima likatiwa maana ya kuumbua, na hilo la pili ndilo lililodumu.

Je, kuniya imewahi kutumika kudanganya?

Ndiyo, na wataalamu wa hadithi waliliona hilo mapema wakalipa jina: *tadlis*, kutoka mzizi d-l-s unaohusu giza na kuficha kasoro ya bidhaa. Mojawapo ya aina zake huitwa tadlis ya mashekhe. Mpokezi anamtaja mwalimu wake kwa kuniya, lakabu au nasaba isiyojulikana, ili msikilizaji asimtambue.

Mfano unaotajwa sana ni wa Atiyya al-Awfi. Wakosoaji wa hadithi walisimulia kwamba alichukua mapokezi kwa Muhammad bin as-Saib al-Kalbi, mtu ambaye hawakumwamini, kisha akamwita Abu Said. Anayesikia "amenihadithia Abu Said" moja kwa moja anamfikiria Sahaba Abu Said al-Khudri. Kuniya ya al-Kalbi iliyojulikana ilikuwa Abun-Nadhr. Kilichofanyika ni kumvisha mtu nguo ya mwingine. Ndiyo sababu wanazuoni waliandika vitabu vizima vya majina na kuniya, ili kila Abu Fulani arudishwe kwa mwenyewe.

Si kila aliyefanya hivyo alikuwa na nia mbaya. Wengine walibadilisha namna ya kumtaja mwalimu mmoja kwa sababu tu walipokea mengi kutoka kwake, hawakutaka jina lilelile lijirudie kila mstari. Lakini mlango ukishafunguliwa, mwema na mwovu wote hupita.

Katika karne ya 20 wapiganaji wa Kipalestina walitumia kuniya kama majina ya mapambano. Yasser Arafat alikuwa Abu Ammar, na hakuwa na mtoto wa kiume wa jina hilo. Kwa Mwislamu yeyote, Ammar na Yasir majina hayo mawili yakitajwa pamoja humkumbusha Sahaba Ammar bin Yasir. Jina lilimficha mtu, likatangaza msimamo.

"Baba Juma" na "Mama Asha" tulizichukua kwa Waarabu?

Hatuna haja ya kuzihusisha nao. Kumwita mzazi kwa jina la mtoto ni desturi ya watu wengi wa bara ambao hawakuishi na Waarabu. Ila kazi inayofanywa ni ileile: mke asiyetamka jina la mumewe anasema Baba Juma, na jirani asiyetaka kumvunjia mama wa watu heshima anasema Mama Asha. Hata ile maana ya Abu ya "mwenye" tunayo. Mama ntilie wa Dar es Salaam na mama mboga wa Nairobi hawakuwazaa ntilie wala mboga.

Kinaya ya Kiswahili ni sawa na kinaya ya Kiarabu?

Sivyo, na tofauti hii huwakosesha wanafunzi alama.

Darasani kwetu, kinaya ni hali au kauli iliyo kinyume cha matarajio: mlinzi wa benki anakamatwa kwa kuiibia benki hiyohiyo. Katika balagha ya Kiarabu, yaani elimu ya ufasaha wa usemi, *kinaya* ni kutaja kitu kimoja ili msikilizaji afike kwenye kingine kinachofuatana nacho, na maana ya wazi ikabaki kuwa ya kweli au inayowezekana. Mfano wanaouzoea wanafunzi wote wa balagha ni "mwenye majivu mengi". Majivu mengi ni kuni nyingi, kuni nyingi ni mapishi mengi, mapishi mengi ni wageni wengi, na wageni wengi ni ukarimu. Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 471 Hijria (1078), alieleza kwamba uzuri wa kinaya uko katika kuithibitisha sifa kwa kuleta ushahidi wake: humwambii mtu kuwa fulani ni mkarimu, unamwonyesha majivu.

Kwa Kiswahili, kilicho karibu na hicho ni nahau kama "ana mkono wa birika" kwa bahili. Anayesoma kitabu cha balagha akakuta neno kinaya, asilete ile ya darasa la fasihi, hazitakutana.

Kinaya pia ndiyo nguo ya maneno yasiyopendeza kutamkwa. Qurani, sura ya 4, aya ya 43, inapozungumzia mtu aliyetoka chooni inasema amekuja kutoka *ghaait*, bonde, kwa sababu watu walikwenda mabondeni kujisitiri. Sisi tunasema mtu amekwenda haja, na haja hiyo ni neno la Kiarabu lenye maana ya hitaji tu. Kifo nacho Waarabu walikipa kuniya: Abu Yahya, na ndani ya jina Yahya mnasikika kitenzi cha kuishi.

Na kinai? Ni ndugu wa kinaya?

Kinai na kukinai ni mzizi mwingine, q-n-', wa kuridhika na kutosheka. Umefanana nao kwa sababu qaf imegeuka k na ain, ile sauti ya koo inayoandikwa ' hapa, imedondoka.

Ni kweli kwamba "fulani" na "kadhaa" ni maneno ya maficho?

Ni kweli, na ndilo swali ninalolifurahia kuliko yote. Wanasarufi wa Kiarabu wana mlango unaoitwa *kinayaat*, maneno yanayosimama badala ya kitu ambacho msemaji hataki au hawezi kukitaja. *Fulaan* husimama badala ya jina la mtu. *Kadhaa* husimama badala ya idadi au maneno yasiyotajwa. Kiswahili kilichukua yote mawili, na tunayatumia kwa kazi ileile: "Fulani bin fulani alinikopa elfu kadhaa." Ndani ya sentensi hiyo mdaiwa hajulikani na deni halijulikani, aliyekopesha peke yake ndiye yuko wazi.

Lakabu mbaya zina hukumu gani katika Uislamu?

Sura ya 49, aya ya 11, inakataza watu kubandikana lakabu mbaya: *wala tanaabazu bil-alqaab*. Kitenzi hicho kina mzizi n-b-z, wa lakabu ya kudhalilisha peke yake. Imepokewa kwamba aya ilishuka kwa Banu Salima wa Madina, ambao kila mtu kwao alikuwa na majina mawili au matatu, akiitwa kwa mojawapo hukasirika.

Aya inayofuata, ya 12, inakataza ghiba, kusengenya. Mpangilio huo una maana kubwa kwangu. Lakabu mbaya hufunua ambacho mtu angependa kifunikwe, na ghiba hufanya hivyohivyo akiwa hayupo.

Basi vipi wapokezi mashuhuri waliitwa al-A'mash (mwenye macho dhaifu) na al-A'raj? Wanazuoni, akiwemo an-Nawawi, waliruhusu lakabu ya namna hiyo inapokusudiwa kumtambulisha mtu asiyejulikana bila hiyo, si kumdharau. Ikipatikana njia nyingine ya kumtambulisha, hiyo ndiyo bora. Nadhani tungelitumia hilo mitaani kwetu, ambako mtoto mwenye ulemavu hubeba jina la kilema chake mpaka kaburini.

Stara, ustaarabu, staha na starehe: zote ni mzizi mmoja?

Ni mizizi minne. Stara ndiyo pekee ambayo s na t zake ni herufi za mzizi: s-t-r, kufunika. Kutoka humo tunayo sitiri, stiri na sitara. Tunamsitiri maiti, tunamwomba Mungu atusitiri, tunasifu binti aliyelelewa kwa stara. Hadithi inasema anayemsitiri Mwislamu, Mungu atamsitiri.

Katika hayo mengine, "sta" si mzizi bali ni kiambishi cha kitenzi cha Kiarabu, *ista-*. Ustaarabu unatoka kwa '-r-b, kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Staha ni h-y-y, kuona haya. Starehe ni r-w-h, kupumzika. Ukiondoa *ista-*, kila neno linarudi kwa ukoo wake. Stahimili ni vivyo hivyo: h-m-l, kubeba.

Ghaibu, ghiba na ughaibuni zinahusianaje?

Mzizi ni gh-y-b, kutokuwepo machoni. Ghaibu ni kisichoonekana, ambacho kwa muumini anakijua Mungu peke yake. Ghiba ni kumsema mtu asiyekuwepo. Katika sarufi ya Kiarabu, nafsi ya tatu huitwa *ghaaib*, asiyehudhuria.

Waswahili tukalichukua tukaliongezea viambishi vyetu viwili, u- na -ni, tukapata ughaibuni. Neno hilo linamtazama msafiri kwa macho ya waliobaki nyumbani: haliulizi yuko London au Muscat, linasema tu kwamba haonekani. Ni miongoni mwa maneno mazuri zaidi ambayo lugha yetu imejitengenezea kwa malighafi ya kukopa.

Na jini?

Mzizi j-n-n, kufunikwa. Jini haonekani. *Janiin* ni mtoto aliye tumboni. *Janna*, pepo, asili yake ni bustani ambayo miti yake imeifunika ardhi. *Majnuun*, ambaye kwetu ni majununi, ni mtu ambaye akili yake imefunikwa, na kwa Qais, mpenzi wa Laila, neno hilo likawa lakabu iliyolimeza jina.

Kufuru na kafara?

K-f-r, kufunika pia. Katika sura ya 57, aya ya 20, neno *kuffaar* wafasiri wengi wamelieleza kuwa ni wakulima, kwa kuwa hufunika mbegu kwa udongo. Anayekufuru hufunika haki, na kafara hufunika dhambi. Maghufira, kutoka gh-f-r, nayo ni kufunika: *mighfar* ni kofia ya chuma ya vitani.

Dhamira ya mwandishi inaingiaje hapa?

Kwa mzizi dh-m-r, kuficha moyoni. Kutoka humo tuna dhamira, lililokusudiwa, na dhamiri, sauti ya ndani. Kiarabu kinatumia *dhamiir* pia kwa kile tunachokiita kiwakilishi. Wanasarufi wa mji wa Basra walikiita *mudhmar*, kilichofichwa. Wale wa mji wa Kufa walipenda kukiita *makniy*, kutoka kwa k-n-y yetu. Miji miwili iliyobishana karibu kila jambo la sarufi, hapa ilikubaliana kwa maneno tofauti: "yeye" ni jina lililofunikwa.

Na kipo kilichofichwa zaidi. Katika *kataba*, "aliandika", yeye haonekani kabisa katika umbo la neno. Wanasarufi husema ni dhamiri *mustatir*, iliyojisitiri, na hapo s-t-r inarudi. Kiswahili hakiwezi kufanya hivyo, a- ya "aliandika" lazima itoke nje.

Lakabu za kwetu zina uhusiano na mizizi hii?

Baadhi zina uhusiano mkubwa. Mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa kijijini Fumba, Unguja, mwaka 1880, aliitwa Mtumwa. Dunia ilimjua kama Siti binti Saad, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo. Siti ni *sitt*, bibi mheshimiwa, ufupisho wa *sayyidati*. Hautoki kwa s-t-r, lakini ulifanya kazi ya stara kuliko neno lolote ninalolijua: ulilifunika jina la utumwa kwa jina la ubibi.

Ali Hassan Mwinyi, rais wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1995, wananchi walimwita Mzee Ruksa kwa kulegeza masharti ya biashara. Ruksa ni *rukhsa*, mzizi r-kh-s, ambao pia ulitupa rahisi, kwanza kwa maana ya bei nafuu.

Na ukoo wa masultani wa Zanzibar umebeba kuniya ndani ya jina. Al-Busaidi ni *Aal Bu Said*, na "Bu" ni Abu iliyokatwa kichwa kama wanavyotamka Waarabu wengi wa Ghuba na Omani.

Majazi ni neno jingine la lakabu?

Katika uhakiki wa fasihi, majazi ni jina la mhusika linaloakisi tabia yake. Asili ni *majaaz*, mzizi j-w-z, kuvuka: neno limevuka kutoka maana yake ya asili. Lakabu hupewa mtu na watu wanaomwona. Majazi hupewa mhusika na mwandishi kabla hajafanya lolote.

Nitautafutaje mzizi wa neno la Kiswahili?

Usianze na tahajia ya Kiswahili peke yake. K yaweza kuwa kaf au qaf, h yaweza kuwa ha mbili tofauti na wakati mwingine kha, s yaweza kuwa sin au sad, na ain mara nyingi haipo tena. Tafuta kwanza neno la Kiarabu lenyewe, katika kamusi inayoonyesha asili au kwa mtu anayeisoma lugha hiyo. Kisha vua viambishi: mu-, ma-, ta-, ista-. Zikibaki herufi tatu, ndizo mzizi. Ukifungua *Lisan al-Arab* ya Ibn Manzur, aliyefariki mwaka 711 Hijria (1311), katika mpangilio wake wa asili, kumbuka kwamba imepangwa kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Lakabu iko katika mlango wa ba, si wa lam. Kamusi ya Ibn Faris inaanzia herufi ya kwanza.

Kiswahili hakina mzizi wake wa maficho?

Kinao, tena mnene: fumba. Unafumba macho, unafumba mdomo, unafumba mkono ulioshika kitu. Kutoka humo tunapata fumbo, mafumbo, fumbia, fumbika, na kwa kupindua, fumbua na fumbuka. Ndiyo kinaya ya Kibantu, na haikuazimwa popote. Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Wanawake wa pwani wameyavaa mafumbo hayo hadharani zaidi ya karne moja, yameandikwa kwenye kanga: jina la kanga halimtaji mtu, anayelengwa hajulikani kwa wapita njia, na yeye mwenyewe akiwa ng'ambo ya uchochoro anajua kabla hujamaliza kuufunga upande wa pili.